Kigawo cha 73,727

Majirani wenye nyumba za ghorofa, walioweza kuchungulia dari la wazi la nyumba moja ndogo karibu na Lango Kubwa la Maskati, walikuwa wakimwona Bi Kheiria kila alasiri amesimama mbele ya ukuta na kipande cha mkaa mkononi. Anaandika, anatua, anakuna kichwa, anaandika tena. Wakasema maskini, joto limempanda kichwani, watu wa Unguja hawajazoea. Joto lilikuwapo, tusidanganyane. Mwezi wa saba majabali ya Maskati hunywa jua mchana kutwa, na usiku huwatemea watu. Lakini kilichompanda Bi Kheiria kichwani kilikuwa namba, na namba yenyewe ni sabini na tatu elfu, mia saba na ishirini na saba. Alikuwa akitafuta kitu cha kuigawa, na aliloahidi ni kwamba akikipata, atamwacha mumewe.

Hapo inafaa turudi nyuma kidogo, maana ukilisikia hivyo utadhani nyumba ile ilikuwa na ugomvi. Haikuwa nao. Ilikuwa na uchovu tu.

Bi Kheiria na mumewe, Majid, wote wawili walikuwa waalimu wa hesabu Unguja, yeye skuli ya wasichana, mumewe ya wavulana. Walikutana chuo cha ualimu, wakaanza kuitana "Mwalimu" kwa utani, na utani ule ukawakalia mpaka nikaha, mpaka mvi. Watoto hawakujaaliwa. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, walipanda meli na masanduku yao machache wakaja katika nchi ambayo babu zao waliiita kwao na wao hawajapata kuitia machoni. Wakapokewa na Mahbuba, dadake Majid, aliyeolewa Oman zamani na mtu wa Bawshar. Mume alikwishafariki, akamwachia kijumba kile cha ndani ya ukuta wa mji, chumba kimoja chini, kimoja juu, na dari la kulalia usiku wa joto.

Maskati ile haikuwa na skuli hata moja ya wasichana. Bi Kheiria aliuliza mara ya kwanza, akajibiwa kwa upole. Akauliza mara ya pili, akajibiwa kwa kicheko. Hakuuliza tena. Majid alipata kazi ya kuhesabu magunia kwenye ghala moja la mchele huko Matrah, akaifanya kwa adabu, mpaka macho yakaanza kumwasha, halafu yakaingia ukungu, halafu daktari akasema wamechelewa. Tangu hapo Majid alijua mchana na usiku basi. Akakaa juu darini, kivulini, kwenye jamvi lake, mgongo ukutani, kazi yake kupiga hesabu kichwani, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuja nacho ambacho hakikuhitaji macho.

Na Bi Kheiria? Aliamka, akapokea maji ya kisima yaliyoletwa kwa punda, akapika, akafua, akamwongoza mumewe ngazini, akamwagilia shuka maji ili zilalike, akalala. Mwili haukuwa na kazi nyingi kuliko wa wanawake wengine wa mtaani. Kilichomchosha ni kile kisichotumika. Mtu aliyesimama mbele ya wasichana thalathini kila asubuhi, akawatoa kwenye hesabu za sehemu mpaka kwenye aljebra, sasa siku yake ngumu kuliko zote ni siku ya kumenya vitunguu vya karamu. Alikuwa akichoka asubuhi, kabla hajafanya lolote, na ule ndio uchovu usio na dawa.

Basi kiangazi cha mwaka 1967 akaja Marhoon, kijana wa ukoo wao aliyekuwa akisafiri na meli za Ghuba, na ujumbe wa mdomo kutoka Kuwait. Kakake Bi Kheiria, Aflah, alikuwa ametulia huko. Alisema skuli za wasichana Kuwait zinataka waalimu wa hesabu, amekwishamsemea dadake, nafasi ipo, na nyumba ya waalimu wanawake ipo. Ruhusa ya kutoka Marhoon mwenyewe angeishughulikia.

"Na kakangu je?" aliuliza Mahbuba, maana Mahbuba hakuwa mtu wa kuacha neno lining'inie.

"Bwana Majid pia anakaribishwa," alisema Marhoon. "Atakaa kwa Aflah."

Majid akatikisa kichwa kabla neno halijesha. "Mie nshahama mara moja, tena nikiwa na macho. Sihami tena. Hapa nnajua ngazi zote, nnajua mlango, nnajua sauti ya muadhini wangu. Mwache Mwalimu aende."

"Siendi," alisema Bi Kheiria.

Ikawa ndiyo nyimbo ya nyumba ile. Nenda. Siendi. Kwa nini hwendi? Kwa kuwa hakuna mke anayemwacha mumewe kipofu. Na zama zile kutoka hakukuwa kama leo: aliyetoka alitoka kwa ruhusa, na kurudi kulitaka ruhusa nyingine, ambayo hakuna mtu aliyeweza kukuapia kwamba utaipata. Kwa hiyo kila mmoja alijua kwamba kwenda maana yake huenda ni kwenda moja kwa moja. Majid akasema Mahbuba yupo, atamtazama. Mahbuba akasema yupo, kwani ameenda wapi. Bi Kheiria akasema la. Na akishasema la, hushuka jikoni na kukaa kwenye kibao cha mbuzi bila ya kukuna chochote.

Mahbuba akamshauri asali istikhara, amwombe Mungu amwonyeshe njia. Akaisali, kwa moyo wake wote, akalala akingoja ndoto. Alilala fofofo mpaka alfajiri bila kuota hata paka.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, wote wamelala chali kwa joto, Majid akasema, "Mwalimu, unaikumbuka mia mbili na ishirini?"

Angeisahau vipi? Chuoni, kabla ya posa, kijana Majid alimpitishia neno darasani: mie mia mbili na ishirini, weye mia mbili thamanini na nne. Wasichana wengine hupelekewa asumini. Yeye alikwenda akapiga hesabu. Ukichukua namba zote zinazoigawa 220 bila kubakisha, ukiiacha yenyewe, ukazijumlisha, unapata 284. Ukifanya hivyo hivyo kwa 284, unarudi 220. Kila moja imeundwa na vipande vya mwenzake. Wataalamu wa zamani wa Kiarabu waliziita namba zinazopendana, na wako watu waliokuwa wakiziandika kwenye vyakula wakawalisha wapenzi wao. Kheiria wa miaka kumi na tisa hakulishwa kitu. Alimaliza kujumlisha, akaona jibu, akaona haya mpaka masikioni.

"Naikumbuka," alisema.

"Kuna nyingine. Kubwa. Nimeipanda kichwani humu." Na akamweleza. Wale wale wa zamani waliacha kanuni: unairudufu mbili kwa hatua, kila hatua inakupa namba tatu, na kama zote tatu ni namba tasa, hazigawiki ila kwa moja na zenyewe, umepata jozi nyingine inayopendana. Hatua ya pili ndiyo inayotoa 220 na 284. Ya tatu inavunjika. Ya nne inasimama. Ya tano na ya sita zinavunjika palepale, kwa kuwa ndani yake mna 95, na hata mtoto wa darasa la pili anaiona tano ndani ya 95. Majid alikuwa amekwama ya saba. Namba zake tatu ni 191, 383 na 73,727. Mbili za mwanzo amekwishazihakikisha, hazigawiki. Ya tatu ni ndefu, na kichwa cha mzee hakibebi mgawanyo mrefu hivyo bila kuandika.

"Ikiwa haigawiki," alisema, "basi milioni tisa, laki tatu, sitini na tatu elfu, mia tano thamanini na nne inapendana na milioni tisa, laki nne, thalathini na saba elfu na hamsini na sita."

Bi Kheiria alizirudia kimoyomoyo. Ilikuwa muda mrefu hajapewa kitu cha ukubwa ule.

"Igawe weye," alisema Majid. "Una macho. Na tufanye hivi, Mwalimu, maana nshachoka, na weye umechoka. Isipogawika, unabaki, na mie sitalisema tena neno la Kuwait. Ikigawika, unakwenda, na weye usiniambie tena siendi."

Mahbuba, aliyekuwa mlangoni na sinia, akasema, "Hiyo ramli hiyo, Majid."

Na ilikuwa ramli kweli. Tena ramli mbaya, kwa kuwa ya watu waliowacheka wapiga ramli maisha yao yote. Wake za watu walikwenda kutazamiwa nyota kwa majina yao na ya mama zao, wao wawili wakakaa barazani kucheka. Lakini mtu anayejua hesabu tu, ukimchosha sana, atakwenda kuuliza hesabu kile ambacho haijui. Bi Kheiria aliona ni upuuzi, na papo hapo akaona mzigo umemtoka mabegani. Hatoamua yeye. Akasema haya.

Ndipo mkaa ukaingia dari. Karatasi ilikuwa ghali na ukuta uko bure, umepakwa chokaa, mweupe. Akaiandika 73,727 juu kabisa. Mbili haikuhitaji mtu kunyanyuka. Tatu haikuingia. Tano, hata kipofu anaona. Saba ikabakisha tatu. Kumi na moja ikabakisha tano, kumi na tatu ikabakisha nne. Huna haja ya kujaribu namba zote, ni zile tasa peke yake, na ukishavuka mia mbili sabini na moja unaweza kupumzika, kwa kuwa zaidi ya hapo mwenzi wake angekuwa mdogo na ungekwishamkamata. Kila jioni alipiga chache, kabla ya magharibi, kisha akamwambia Majid zilizokataa. Majid alikuwa akitabasamu kwa kila iliyokataa. Bi Kheiria pia alitabasamu, sauti yake ikatabasamu, na alipoteremka ngazi uso ukarudi ulivyokuwa.

Kila mgawanyo aliupigia mizani ya tisa. Hii ilikuwa sheria ya nyumba yao tangu Unguja, na ya wanafunzi wao wote: unajumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki moja, unafanya hivyo kwa kila upande wa hesabu, pande mbili zikilingana umesalimika. Mizani ya 73,727 ni nane. Saba na tatu kumi, na saba, na mbili, na saba, ishirini na sita. Mbili na sita, nane. Alikuwa akiijua kama jina lake. Na sheria ilikuwa na sehemu ya pili, ambayo Majid aliisimamia kwa fimbo enzi zake: kilichopita mizani hakiulizwi tena.

Wakati mwingine, mkaa ukiwa umesimama, alikuwa akizifikiria zile mbili kubwa. Wataalamu wamezigawa namba mafungu matatu. Kuna kamili, kama sita, ambayo vipande vyake vinatosha kuiunda yenyewe. Kuna zaidi, ambayo vipande vyake vinaishinda. Kuna pungufu, ambayo vipande vyake haviifikii. Na katika kila jozi inayopendana, moja ni zaidi na moja ni pungufu, haiwezi kuwa vingine. Ile ya milioni tisa na laki tatu ndiyo zaidi, ina vigawo thalathini na viwili ukiihesabu yenyewe, inatoa kuliko ilivyo. Mwenzake ndiyo pungufu. Alijiuliza katika nyumba ile nani zaidi na nani pungufu. Jibu lilimjia haraka, akalionea haya, akaendelea kugawa.

Zamu ya hamsini na tatu iliangukia siku ya kufua. Upepo wa bara ulivuma tangu asubuhi, ule unaokausha mate mdomoni, na Bi Kheiria alipanda dari na mikono iliyovimba kwa sabuni. Aliiandika namba upya chini ya nyingine, akaanza. Hamsini na tatu ikaingia mara moja. Akashusha. Ikaingia mara nne. Akashusha. Mara tano. Akashusha. Mara tisa, na haikubaki kitu.

Akasimama. Elfu moja, mia nne hamsini na tisa, kamili. Akapiga mizani haraka haraka. Hamsini na tatu ni nane. Elfu moja mia nne hamsini na tisa ni kumi na tisa, ni kumi, ni moja. Nane mara moja, nane. Na namba ni nane.

"Mwalimu," alisema. "Hamsini na tatu imegawa."

Majid akajiinua kidogo kwenye jamvi. Kisha, "Umepiga mizani?"

"Nimepiga. Nane kwa nane."

"Basi," alisema Majid. Hakuuliza mara ngapi. Aliuchukua mkono wake ule uliovimba, akaushika, halafu akauachia na kumwomba maji ya kunywa.

Marhoon aliitwa. Ruhusa ikaanza kushughulikiwa. Bi Kheiria akashona magauni mawili marefu ya kwendea skuli, akamfundisha Mahbuba namna Majid anavyopenda chai, akampangia nguo mumewe kwa mpangilio wa kupapasa. Alikuwa akila. Alikuwa akilala usingizi wa kweli. Alijiambia hii ni huzuni iliyochelewa, itakuja tu, na kila alipoamka haijaja alizidi kufanya kazi.

Namba ile hakuigusa tena. Alipopanda dari aliupa ukuta mgongo. Kwa mtu aliyezoea kuzidisha vitu kichwani kama wengine wanavyovuta tasbihi, hilo peke yake lingemshtua angekubali kushtuka.

Lakini asubuhi moja alisimama mlangoni kumngoja mwenye punda wa maji, na mwenye punda akachelewa, na kichwa kikajiendea chenyewe. Hamsini mara elfu moja mia nne hamsini na tisa ni sabini na mbili elfu, mia tisa na hamsini. Tatu mara hiyo hiyo ni elfu nne, mia tatu sabini na saba. Jumlisha. Sabini na saba elfu, mia tatu ishirini na saba.

Sabini na saba. Si sabini na tatu.

Akarudia. Akarudia kwa njia nyingine. Mwenye punda akaja, akamwaga maji mtungini, akasalimu, akaondoka bila kujibiwa. Bi Kheiria akapanda ngazi pole pole, akausimamia ukuta. Mistari yote ilikuwa sawasawa, 73,727 juu ya 73,727, mpaka ule mstari mmoja. Pale saba na tatu zilikuwa zimebadilishana mahali, na aliyeziandika ni yeye. Mizani haikuona, kwa kuwa tarakimu zikipishana jumla haibadiliki. Hilo alilifundisha kila mwaka, kila darasa. Wasichana walikuwa wakilisoma kwa sauti moja.

Aligawa upya, namba ya haki. Ikabaki nne.

Majid alikuwa amelala hapo hapo kwenye jamvi, mdomo wazi kidogo, uso wa mtu aliyekwishakubali. Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angejua mpaka kiama, kwa kuwa katika mji ule watu wawili tu walikuwa na haja na namba ile, na mmoja haoni. Bi Kheiria akaufuta mstari ule kwa kiganja. Akashuka. Siku zikapita hajasema kitu, na uchovu wa zamani ukarudi, ukakaa palepale ulipokuwa ukikaa.

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa uongo wala ukweli. Akarudi ukutani. Majid akasikia mkaa, akauliza, "Unafanya nini, Mwalimu?" Akajibu, "Najifurahisha tu." Akaendelea na hamsini na tisa, sitini na moja, sitini na saba, kwa uangalifu mkubwa, akisoma kila tarakimu kwa kidole. Zilizobaki zilikuwa nyingi. Huenda hamsini na tatu haigawi lakini nyingine inagawa, na hapo kosa lake litakuwa kosa dogo, njia mbaya iliyofika mahali pazuri. Alikuwa akiomba. Alisimama na mkaa akimwomba Mungu igawike, na alipojisikia anaomba hivyo aliuteremsha mkaa. Siku zote zile alikuwa akimwambia mumewe zilizokataa kwa sauti ya furaha, na hata moja haikumfurahisha. Sasa alijua.

Mia moja na moja ikakataa. Mia moja arubaini na tisa ikakataa. Mia mbili ishirini na tatu ikakataa. Marhoon akapita kusema ruhusa imetoka, meli itakuja karibuni. Ikabaki mia mbili sabini na moja peke yake. Akaigawa. Ikabakisha kumi na tano.

Alikaa kwenye jamvi karibu na mumewe, jua likiwa bado juu ya majabali.

"Mwalimu," alisema, "hamsini na tatu haigawi. Niliandika vibaya. Saba na tatu zilipishana."

Midomo ya Majid ikaanza kucheza. Alikuwa akizidisha. Alipofika mwisho akacheka, kicheko ambacho Bi Kheiria alikuwa amekisahau. "Sabini na saba elfu! Mwalimu mzima!"

"Mwalimu mzima."

"Na nilizokuwa sijazisikia?"

"Nimezimaliza zote. Hakuna inayogawa."

"Mpaka mia mbili sabini na moja?"

"Mpaka hapo. Ni tasa."

Majid akajipiga paja. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa kijana. "Basi zinapendana. Milioni tisa na milioni tisa, Mwalimu, zinapendana, na wewe umebaki." Akainua sauti kuelekea ngazini. "Mahbuba! Mwambie Marhoon asijisumbue!"

"Usimwite," alisema Bi Kheiria. "Ngoja kwanza." Akajipangusa mkaa vidoleni. "Siku ile ilipogawika, nilifurahi."

Kicheko cha Majid kilichukua muda kuondoka usoni. Chini, Mahbuba alikuwa akifunika chungu.

"Najua," alisema.

"Unajuaje?"

"Ulikuwa ukiimba jikoni usiku ule. Tangu tuteremke Maskati sijakusikia ukiimba." Akapapasa jamvi mpaka akaugusa ukingo wa gauni lake. "Leo nkasema labda nimekosea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Uache kuimba?"

Bi Kheiria alilia, bila kelele, na Majid akamwacha alie. Kisha akamwuliza lile ambalo wote wawili walikuwa wameikimbilia namba ili wasiulizane.

"Namba imesema ubaki. Weye unasemaje?"

"Nataka kwenda," alisema Bi Kheiria. "Nataka kufundisha. Sitaki kukuacha, na nataka kwenda."

Majid akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayefuata hesabu ndefu mpaka mwisho. Mahbuba alikuwa amekwishafika juu ya ngazi, anatweta, mkono kiunoni.

"Mlikuwa mnanambia Marhoon afanye nini?" aliuliza. "Nimesikia nusu."

Majid alimgeuzia mkewe uso, akangoja.

"Mwambie aje kesho achukue sanduku," alisema Bi Kheiria.